Kiunzi, jukwaa au gadi? Istilahi za mishipa ya damu na sikio la mgonjwa

Majuma mawili yaliyopita nilikuwa nyumbani Lamu. Binti wa dada yangu, anayesomea uhandisi wa vifaa vya tiba katika chuo kikuu, alinifuata barazani na kurasa mbili mkononi. "Mjomba, nisomee hizi kabla sijazisoma mbele ya watu," akaniambia. Vijana wa mtaa walikuwa wamemwomba awaeleze wazee, kwa Kiswahili, yale anayojifunza huko: jinsi wanasayansi wanavyotumia magamba ya kaa, mwani, hariri na hata majani ya mboga kuusaidia mwili uoteshe mishipa ya damu iliyoharibika. Nikavaa miwani, nikasoma. Makala haya ni uhakiki wa kurasa hizo mbili. Nauandika kwa idhini yake, kwa sharti kwamba nisimtaje jina.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe, maana huwezi kuhakiki neno kabla ya kukijua kitu. Mshipa wa damu ukiziba au ukikatika, daktari wa upasuaji ana njia chache. Anaweza kuchukua mshipa mwingine wa mgonjwa huyohuyo, aghalabu wa mguuni, akauhamishia panapohitajika. Au anaweza kuweka mrija uliotengenezwa kiwandani. Mwaka 1952 Arthur Voorhees na wenzake wa New York walichapisha ripoti ya mirija ya kitambaa waliyoitia katika mishipa ya mbwa ikapitisha damu. Baadaye ikaja mirija ya poliesta, kisha ya plastiki ya jamii ya teflon. Mirija hiyo imeokoa watu wengi, lakini ina udhaifu wake. Katika mishipa mikubwa hufanya kazi vizuri. Ukishuka kwenye mishipa yenye upana wa chini ya milimita 6 hivi, damu huelekea kuganda ndani yake na njia ikafungwa.

Hapo ndipo wataalamu walipojiuliza: mbona tusiupe mwili mahali pa kuanzia, halafu ujijengee mshipa wenyewe? Mwaka 1986 Weinberg na Bell walieleza mrija walioukuza maabarani kwa kolajeni na seli za ng'ombe. Mwaka 2001 madaktari wa Japani waliripoti kuhusu mtoto wa miaka minne aliyewekewa mrija wa kuyeyuka uliopandwa seli zake mwenyewe, kwenye mshipa uendao mapafuni. Mwaka 2017 watafiti wa Worcester, Marekani, waliosha jani la mchicha wa kizungu mpaka seli zake zikatoka zote, likabaki jani jeupe lenye njia zake nyembamba, na njia hizo wakazipitishia majimaji kama yanavyopita katika mishipa. Desemba 2024 mamlaka ya Marekani inayodhibiti dawa na chakula iliidhinisha, kwa majeruhi wa mikono na miguu, mshipa uliokuzwa kwa seli za binadamu juu ya kimia kinachoyeyuka, kisha seli hizo zikaoshwa. Kwa hiyo mpwa wangu hakuwa akiwaletea wazee hadithi za abunuwasi.

Sayansi yake sikuwa na neno nayo. Nilishikwa na Kiswahili chake.

Sentensi ya kwanza ilisema hivi: "Vyombo vya damu vikiharibika, mgonjwa huwa hatarini." Nikacheka peke yangu. Nilijua kosa lilikotoka. Ni Kiingereza kilichopitishwa kwenye mashine ya kutafsiri, ambayo ilikuta neno moja lenye maana mbili ikachukua ile isiyotakiwa. Tatizo ni kwamba kosa hili sasa limeenea katika maandishi ya afya, na wapo wanaoanza kulizoea. Sasa wewe jiulize: mzee wa Lamu, mtu ambaye tangu utotoni akisikia "chombo" huona tanga na mlingoti, umwambie kwamba ana vyombo vya damu mwilini! Atauliza vinatia nanga wapi. Kiswahili kina "mshipa wa damu", na hakuna sababu ya kuuacha. Kweli, "mshipa" pekee ni neno pana mno. Tunaliita mshipa lile bomba la damu, uzi wa fahamu na hata kano la misuli, na pwani mtu akisema ana mshipa pengine anamaanisha ugonjwa mwingine kabisa wa chini ya tumbo. Ndiyo sababu kiambishe "wa damu". Na ikibidi kutofautisha ule utokao moyoni na ule urudio, ateri na vena zipo, watoto wanazisoma shuleni.

Kosa la pili lilikuwa dogo zaidi machoni ila kubwa zaidi katika uzito. Kichwa cha kurasa zake kilizungumzia "vifaa vya asili vya kuzaliwa upya kwa mishipa". Hebu tuanze na "kuzaliwa upya". Katika masikio ya Wakenya wengi hiyo ni lugha ya wokovu na mahubiri. Mshipa hauzaliwi upya, mshipa huota. Nywele huota, kucha huota, mkia wa mjusi ukikatika huota. Neno lipo, ni la nyumbani, na kila mtoto analijua.

Lakini "vya asili"! Kwetu "dawa ya asili" ni mizizi, magome na majani ya mganga. Msikilizaji akisikia vifaa vya asili atadhani anaitiwa mitishamba, apende au asipende. Zaidi ya hapo, neno hilo moja limefunika mambo mawili yaliyo mbalimbali. Kuna kitu kilichotokana na viumbe: kitosani hutoka kwenye magamba ya kaa na kamba, aljineti hutoka kwenye mwani wa rangi ya kahawia (si ule mwekundu wanaoulima akina mama wa Unguja), nyuzi za hariri hutoka kwa nondo wake, na kolajeni mara nyingi hutoka kwa ng'ombe au nguruwe. Na kuna kitu kilichoiga viumbe: yaani plastiki ya kiwandani iliyosokotwa nyembamba mpaka ikafanana na nyuzi zinazozizunguka seli mwilini. Hiki cha pili hakina mnyama ndani yake. Kimeiga umbo tu. Kingereza cha vitabu vyake kinatenganisha hayo mawili. Kiswahili chake kimeyachanganya.

Mtu wa mjini anaweza kuona huko ni kukata unywele. Sivyo. Lamu ni mji wa Waislamu, na swali la kwanza litakaloulizwa barazani, kabla ya lile la bei, ni: "Ni wa mnyama gani?" Sina nia ya kutoa fatwa, jambo hilo lina wenyewe. Ninachosema ni kwamba anayeeleza hana haki ya kuficha jibu ndani ya neno "asili", hata kama hakukusudia kuficha. Aseme "kilichotokana na magamba ya kaa", au "kilichotokana na ng'ombe", au "cha plastiki kinachoiga nyuzi za mwili". Hapo msikilizaji ataamua mwenyewe akiwa anajua.

Nisiwe kama yule anayetazama chawa kichwani asione nywele. Kurasa hizo zina mahali ambapo mpwa wangu aliandika vizuri kuliko vitabu vyake. Alipotaka kueleza kwa nini kitu hicho lazima kiwe na vitundu vingi, aliwaambia wazee wautazame ukuta wa nyumba zao. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kila aliyekulia humo amewahi kuyapapasa yale mawe yenye matundu. Akaeleza kwamba madaktari wa mifupa hutumia matumbawe yaliyosafishwa kuziba mapengo ya mfupa, kwa sababu matundu yake yanashabihiana na ya mfupa, na seli huingia humo zikakaa. Kisha akasema mshipa nao unataka nyumba ya namna hiyo, ila laini. Aya hiyo haikuwa na istilahi hata moja, na niliisoma mara mbili kwa kuipenda.

Sasa nifike kwenye neno lililonikosesha usingizi. Kile kitu chenye vitundu, ambacho seli huingia, zikashika, zikajenga, kwa Kiingereza kimeazimwa jina la ile miti ambayo mafundi husimamia wanapojenga nyumba. Kamusi zetu zitakupa "jukwaa". Mpwa wangu alilikataa, na alifanya vyema. Jukwaa Kenya hii ni mahali pa wanasiasa kusimama. "Jukwaa la mishipa" ni kama vile mishipa imeitisha mkutano wa hadhara. Yeye akachagua "kiunzi", na wataalamu kadhaa wa istilahi wangempigia makofi. Kiunzi kinatokana na kuunda. Tunasema kiunzi cha mifupa, kiunzi cha jahazi. Ni neno la heshima. Mimi pia nililipitisha kwa kalamu.

Jioni akatusomea kwa sauti sebuleni. Dada yangu, mama yake, alikuwa amelala kwenye kitanda akisikiliza. Dada yangu figo zimemshinda, na husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Mkononi ana mrija wa plastiki aliowekewa kuunganisha ateri na vena, ili sindano za mashine zipate pa kuingia. Alipowekewa, waliomhudumia walimwambia ni "mshipa bandia", wakamfundisha kila asubuhi aweke kiganja juu yake asikie ule mtetemo, kama wa paka anayekoroma. Mtetemo ukipotea, wakamwambia, usingoje. Njoo hospitali mara moja, maana huenda damu imeganda.

Binti akasoma: "Mshipa bandia huu hujengwa juu ya kiunzi, na baada ya miezi kadhaa mwili hukila kiunzi chote ukabaki mshipa wa mtu mwenyewe."

Dada akaushika mkono wake. "Na huu wangu," akauliza, "utaliwa lini?"

Tukatazamana. Naye akaendelea, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilihesabu jambo moyoni: "Kwa hivyo siku nikiamka nisisikie kitu, huenda ndiyo umekuwa nyama yangu."

Wasomaji, hapo uhakiki wangu wote wa mchana ulianguka chini. Nilikuwa nimesahihisha chombo, nimesahihisha asili, nikaipita sentensi ambayo ingeweza kumweka dada yangu nyumbani akishukuru Mungu siku ambayo angepaswa kukimbizwa hospitali. Sentensi yenyewe haikuwa na kosa la sarufi. Kila neno ndani yake limo katika kamusi. Kasoro ni mbili. Ya kwanza: "mshipa bandia" limebeba vitu viwili, ule wa plastiki unaobaki plastiki mpaka mwisho, na ule unaopangwa uyeyuke. Ya pili: "kiunzi" hakisemi kinaondoka. Kinasema kinyume chake.

Usiku ule nilitafakari namna mafundi wa Lamu wanavyoitaja miti. Kuna mti wa kubaki na mti wa kuondoka. Boriti za mikoko zinazobeba dari za nyumba zetu zipo tangu enzi za mababu, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba. Mataruma ya jahazi yanabaki ndani ya jahazi mpaka lioze. Hiyo ni miti ya kubaki, na kiunzi ni jamaa yake: kiunzi cha mifupa kikiyeyuka, mtu ndiye amekwisha. Upande wa pili ipo miti anayosimamia mwashi akipaka ukuta, na ipo miti inayotegemezwa chombo kisilale ubavu kikiwa pwani. Hii ya pili ina jina lake, gadi, na kazi ya kuiweka ni kugadimu. Nikaruka kitandani kwa furaha. Gadi! Neno fupi, la baharini, la mti wa muda. Nilijiona tayari nimeipatia lugha istilahi.

Asubuhi nikaenda Matondoni, ambako jahazi bado huundwa kwa mkono, nikamtafuta fundi mmoja mzee ninayemheshimu. Baada ya maamkizi nikamweleza kila kitu, kuanzia kaa hadi mkono wa dada. Alinisikiliza huku akitia kalafati kwenye nafasi za mbao.

"Maalim," akasema, "gadi yashika chombo kilicho tayari. Hicho akisemacho mwana ni kitu kitanguliacho chombo. Sicho."

Nikanyamaza. Akaongeza, "Na gadi huiondoa mtu. Hicho huondolewa na nani?"

"Na mwili wenyewe, fundi. Kidogo kidogo, kadiri mshipa unavyojengeka."

"Na kikiondoka upesi?"

Hilo ndilo swali ambalo wahandisi wenyewe wanahangaika nalo. Kikiyeyuka kabla mshipa haujapata nguvu, ukuta wake hutuna au hupasuka. Kikichelewa sana, mwili hukiona kigeni, kovu linaota kukizunguka na njia inakuwa nyembamba. Lazima kuondoka kwake na kujengeka kwa mshipa viende sambamba. Nikamwambia hivyo.

"Basi semani hivyo hivyo," fundi akasema. "Lazima kiwe na jina moja?"

Swali lake nimelibeba mpaka mezani ninapoandika. Jibu langu ni ndiyo na siyo. Ndiyo, kwa sababu lugha ya shule na ya vitabu haiwezi kueleza kitu kwa sentensi tatu kila kinapotajwa. Wataalamu wa TUKI walipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, walikuwa wanatuonyesha kwamba maabara inaweza kusema Kiswahili, na kazi ile haitaki kubezwa na mtu wa gazeti kama mimi. Jina lazima liwepo. Lakini kamusi humfikiria msomaji aliyeketi na kitabu, mwenye nafasi ya kufungua ukurasa wa pili. Mgonjwa aliyelala kitandani hana ukurasa wa pili. Ana lile neno aliloambiwa, na atalifanyia kazi kwa maana anayoijua yeye.

Wapo watakaosema tukope tu, tuseme "skafoldi", kama tulivyosema seli na kolajeni. Mimi si adui wa kukopa. Seli ni kitu ambacho hatukuwa nacho katika mazungumzo, na neno geni humtahadharisha msikilizaji kwamba hapa pana jambo la kujifunza. Lakini skafoldi haimwambii dada yangu lolote, si la kweli wala la uongo, na kinachotakiwa hapa ni neno linalotaja mwisho wa kazi.

Kwa hiyo ninapendekeza hivi, nanyi mniparure mkitaka. Mrija wa kiwandani usioyeyuka uitwe "mshipa wa plastiki", na "bandia" tuiache. Kile kinachoyeyuka tukiite "kiunzi cha muda", maneno matatu, kila kinapotajwa, bila kufupisha. Najua halipendezi. Halina utamu wa gadi, na wanaotafuta istilahi za neno moja watalikunjia uso. Tena "muda" haisemi ni wiki ngapi wala kinaondolewa na nani. Hayo lazima yaelezwe kwa sentensi inayofuata, kama fundi alivyoagiza. Lakini "kiunzi" kinakiri kwamba kitu hiki kinalipa jambo umbo, na "cha muda" inaondoa lile linalodanganya. Na kabla neno lolote la tiba halijachapishwa kwenye karatasi ya wagonjwa, lisomwe kwa sauti mbele ya mtu mmoja mwenye ugonjwa huo, kisha aulizwe: umesikia nini, na kesho utafanya nini? Kazi hiyo haihitaji kamati. Inahitaji sebule na mtu wa kusikiliza.

Mpwa wangu aliziandika upya kurasa zake siku ileile. Ameongeza aya moja mwanzoni, inayosema kwamba mishipa inayozungumzwa bado si ile wanayowekewa wagonjwa wa figo wa hapa petu, na kwamba ya plastiki haigeuki nyama. Kabla ya kuwasomea wazee, alimsomea mama yake kwanza.

Dada alisikiliza mpaka mwisho, kiganja kikiwa juu ya mkono.

"Kwa hivyo wangu ni wa plastiki."

"Ndiyo, mama."

"Na utabaki plastiki."

"Ndiyo."

"Basi siku ukinyamaa," dada akasema, "niamsheni mashua, hata iwe usiku."